Kaburi la Sita, Safu ya Nne

Maiti wa pampa hawaozi, na hilo ndilo lililomsumbua Zunilda Taucare tangu barua ilipokuja. Ardhi ya jangwa lile la juu imejaa shura, ile chumvi ya mbolea na baruti iliyochimbwa mpaka mapafu ya wachimbaji yakakauka, na mvua hainyeshi. Mtu akizikwa pale, wajukuu zake watamkuta na kope zake.

Barua ilisema kwamba mgodi mpya wa aidini ulikuwa unachimbua upya vifusi vya kambi za zamani, na kwamba mwezi wa Novemba ungefika kwenye makaburi ya moja ya kambi hizo, Santa Eduvigis. Wenye maiti wao wawahamishe kabla Oktoba haijaisha. Zunilda aliisoma amesimama jikoni, mkasi wa kukatia bati mkono mmoja, kopo la maziwa mkono wa pili. Alikuwa anakata maua ya shada. Pampa haina ua hata moja, kwa hiyo watu wa huko huwapelekea wafu wao maua ya bati, na Zunilda alijulikana mji mzima wa Pozo Almonte kwa mawaridi yake ya makopo ya maziwa.

"Jirani," aliniita. Nilikuwa mpangaji wake kwa mwaka wa tisa, na hakuwahi kuniita jina langu. "Una gari lako bado?"

"Ninalo, Doña Zuni."

"Basi itabidi tumteremshe mama." Akakaa. "Lakini jeneza halifunguliwi. Unanisikia? Nitamwapisha yeyote atakayechimba. Halifunguliwi."

Mama yake, Rosenda Challapa, alikufa mwaka wa hamsini na tano katika kujifungua, akiwa na miaka ishirini na sita. Mtoto alikufa naye. Baba alimlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto wa mama, akapigilia misumari. Zunilda alikuwa na miaka saba. Miaka mitano baadaye kambi ilifungwa, watu wakapakiwa kwenye treni na magodoro yao, na picha pekee ya Rosenda ikapotea safarini, mahali fulani kati ya Santa Eduvigis na bahari.

"Mimi nina miaka sabini na moja," aliniambia jioni ile, akichovya mkate kwenye chai ya sukari ya kuungua. "Nimkute mama ni msichana wa ishirini na sita? Nimwite nani? Nimwite mwanangu?"

"Huenda hutamtambua hata hivyo."

"Ndiyo hiyo!" Alinielekezea kidole. "Uso wake ninao. Ninao mmoja tu, humu ndani. Nikiletewa mwingine, huu utakwenda wapi?"

Nimelala katika nchi nyingi na kuona watu wakiwafukua wafu wao kwa ngoma, kwa divai, hata kwa kicheko, lakini sikuwahi kukutana na mtu aliyekuwa na wafu wabichi kama wake.

Maisha yake yalikuwa yamezunguka kaburi lile kama kamba kwenye kigingi. Alipokuwa msichana baba yake alimpeleka pwani, Iquique, na kwa miaka ishirini na sita alikata vichwa vya samaki katika kiwanda. Aliolewa na Melitón, fundi wa boti, akamzika Melitón. Baba naye, kabla ya kufa mwaka wa themanini na tatu, alimpa maelekezo aliyoyakariri kama namba ya nyumba: safu ya nne kutoka langoni, kaburi la sita kutoka kushoto. Jina kwenye msalaba lilikuwa limeshaliwa na jua. Alipostaafu hakubaki pwani wala hakuhamia mbali. Alinunua nyumba Pozo Almonte, kwa sababu, alisema, ni katikati ya bahari na mama.

Kila tarehe mosi Novemba, siku ya kuzuru wafu, tulipanda. Santa Eduvigis inaonekana kutoka mbali kwa sababu ya kilima chake cha vifusi, kirefu na bapa juu kama meza. Chini yake kuna kuta za nyumba za wachimbaji, safu baada ya safu, bila mapaa, bila milango, bila madirisha. Kila ubao wa msonobari uliuzwa au kuibwa. Mchangani kuna nyayo za viatu: soli zenyewe, ngumu kama vigae, mamia yake, zimelala zikielekea kila upande. Upepo ukianza saa sita mchana, bati lililobaki juu ya ukumbi wa sinema hupiga, husimama, hupiga tena, kama mtu anayegonga na kungoja.

Watu wa kule wana desturi moja ambayo hawaivunji. Hakuna anayeruka ukuta. Ukuta unaweza kuwa umebaki kimo cha goti, hata mtoto anaweza kuuvuka, lakini wataambaa nao mpaka pale mlango ulipokuwa, wasimame, waseme kwa sauti, "Naomba ruhusa!" kisha wangoje kidogo, ndipo waingie. Nimemwona Zunilda akimfokea mpwa wake aliyekatisha kupitia dirishani. "Umelelewa wapi wewe? Hapo ni chumbani kwa watu!"

Kwenye nyumba yao ya zamani aliingia hivyo hivyo. Akasimama palipokuwa na jiko, akatazama ukutani palipokuwa na rafu, akatoka. Kisha tukaenda makaburini, mita mia tano kutoka kambini, uwanja wa mstatili uliozungukwa na ukuta wa mawe ya chumvi. Tuliegesha barabarani na kuingia na wenzetu wote, familia thelathini na zaidi za Santa Eduvigis, na mabango yao na bendi yao ya tarumbeta. Zunilda alihesabu safu nne, akahesabu makaburi sita, akaweka shada, akamwaga maji ya chupa moja, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja. Akaanza kumsimulia mama habari za mwaka. Mimi nilikuwa nakaa mbali, lakini upepo huleta maneno. Nilisikia habari za nyongo iliyokatwa. Nilisikia habari za Melitón na mwanamke wa idara ya kupakia makopo. Nilisikia mwaka mmoja akiuliza, "Uliumwa sana, mama?" na akingoja.

Miaka thelathini na minne alifanya hivyo.

Siku ya kumteremsha ilikuwa Jumatano, wiki ya mwisho ya Oktoba. Tulikuwa watatu: Zunilda, mimi, na Nolasco, mchimba makaburi wa Pozo Almonte, mtu mfupi mwenye mgongo mpana aliyekuwa amewahamisha wafu kumi na mmoja wa Santa Eduvigis mwezi ule. Kibali kilikuwa mfukoni mwa Zunilda. Ukungu wa alfajiri ulikuwa bado umelala juu ya mchanga na baridi ilikuwa ya kukata masikio.

"Apa tena," Zunilda alisema.

"Doña Zuni, nimeapa nyumbani kwako, nimeapa kwenye gari, na nimeapa nikiwa nakojoa nyuma ya ukuta. Sifungui."

"Apa."

"Naapa kwa macho ya mama yangu. Sijafungua hata moja kati ya wote kumi na mmoja. Hakuna aliyetaka. Don Wilibaldo aliwaambia watu wote wasifungue, heshima kwa wafu."

Wilibaldo Ayavire ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chao, Wana wa Santa Eduvigis. Aliwahi kuendesha malori ya mgodini, na ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Wiki iliyotangulia alikuwa amemhamisha babu yake Eleuterio kwa misa na bendi.

Nolasco alichimba. Udongo wa shura haukatiki kama udongo, unavunjika kama mkate mkavu. Baada ya saa moja na nusu ubao wa jeneza ukatokea, mweupe, mzima. Tukapitisha kamba chini yake, Nolasco kichwani, mimi miguuni. Zunilda alikuwa ameketi mbali akitupa mgongo, shali kichwani, akitazama kile kilima cha vifusi. Tulipovuta, jeneza lilipanda kidogo, likakwama upande wangu, kisha nikasikia mlio kama wa fimbo inayovunjwa. Kifuniko kilipasuka kwa urefu, kipande kimoja kikaangukia ndani ya shimo.

Niliona mkono wa Nolasco ukisogea kujaribu kuziba pengo kwa kofia yake, kisha mkono ukasimama.

"Nini?" Zunilda aliuliza bila kugeuka.

"Kifuniko, Doña Zuni. Si mimi, naapa, ni ubao."

"Funika basi!"

"Nafunika." Lakini hakufunika. Aliinama. Alitazama, akanitazama mimi, akatazama tena. "Doña Zuni," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikumjua nayo. "Huyu ana sharubu."

Alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, amevaa koti jeusi lililofungwa vifungo vyote. Ngozi yake ilikuwa rangi ya chai. Sharubu zake zilikuwa zimechanwa vizuri na kupindwa pembeni, na mkono wa kushoto uliokaa kifuani ulikuwa na vidole vitatu. Hapakuwa na mtoto.

Zunilda alikuja mpaka ukingoni. Alisimama pale muda mrefu na kiganja mdomoni. Nilidhani analia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na sauti iliyotoka ilikuwa kicheko, kicheko kibaya.

"Nilimwambia habari za nyongo yangu," alisema. "Nilimwonyesha mshono! Nilimwambia kuhusu Melitón na yule mwanamke wake!"

"Basi hajamwambia mtu," Nolasco alisema.

"Nyamaza wewe!" Kisha kicheko kikakatika. "Mama yuko wapi?"

Alirudi barabarani, akaingia upya kwenye makaburi, akahesabu safu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Akahesabu makaburi. Akafika palepale, miguuni pa mwenye sharubu. Akahesabu mara ya pili kwa kuanzia kulia, akafika kwenye kaburi la jirani, lenye uzio wa chuma wenye jina la mtu mwingine. Ukungu ulikuwa umeondoka na jua lilianza kuuma.

Nolasco ndiye aliyeona. Watu wa kazi yake hutazama kuta. Alikuwa ameegemea sururu, macho yake kwenye lile pengo tulilokuwa tukilipitia miaka yote.

"Hili si lango," alisema.

"Kwa nini si lango?" nilimuuliza. "Watu wote hupita hapo."

"Tazama mawe. Yameangukia ndani. Lango halianguki, lango linajengwa, lina nguzo. Hapa gari lilisukuma ukuta. Wale wa vyuma chakavu walikuja na malori kuchukua misalaba ya chuma, wakatengeneza njia." Akavuka makaburi yote kwa hatua ndefu mpaka ukuta wa upande wa pili, ule ulioelekea jangwani ambako hapana barabara. Akaanza kufukua mchanga kwa mikono kama mbwa. Tulimfuata. Chini ya mchanga, kimo cha paja, kulikuwa na nguzo mbili za mawe, na kwenye kila moja bawaba ya chuma iliyoliwa na kutu. Mbele yake, nje, tuliona alama mbili nyeusi zilizonyooka mchangani mpaka mbali: palipokuwa na reli.

Zunilda alikaa chini mchangani.

"Wafu walikuja kwa treni," alisema. "Ni kweli. Nakumbuka. Tulikuja na treni, tukateremka hapa hapa." Alishika bawaba. "Sisi tusioruka hata ukuta wa goti. Miaka yote tumeingia kwa wazazi wetu kupitia kwenye shimo la wezi."

Reli ilipong'olewa na barabara ilipokuja upande wa pili, waliojua walikuwa wamekufa au wako mbali. Waliorudi miaka ya themanini walikuwa watoto wakati wa kuondoka, na kila mmoja alikuwa na namba aliyopewa na mzee wake. Wote walihesabu kutoka kwenye pengo, kwa hiyo kila mmoja alifika kwenye kaburi la mwenzake wa upande wa pili.

Nolasco alisimama kwenye lango la kweli. Akahesabu safu nne. Akahesabu makaburi sita kutoka kushoto. Tulimfuata nyuma, Zunilda amenishika mkono kwa nguvu hadi kucha zake zikaniingia. Kwenye la sita hapakuwa na kitu. Palikuwa na shimo wazi, jipya, kingo zake bado kali, na ua moja la karatasi limekwama kwenye kona.

Nolasco alivua kofia.

"Doña Zuni," alisema. "Hapa nimechimba mimi. Alhamisi iliyopita. Hapa ndipo Don Wilibaldo alipomtoa babu yake."

*

Wilibaldo Ayavire alitufungulia akiwa anakula, akarudi mezani kwenye mkate wake na parachichi. Alitukaribisha chai. Zunilda hakukaa.

"Don Wili, babu yako ninaye mimi."

"Babu yangu yuko kwenye ukuta wa makaburi ya mjini, tundu namba arobaini, na jina lake limechongwa kwenye marumaru. Kaa, unywe chai. Jua limekupiga."

"Uliyemweka ukutani ni mama yangu."

Alimsikiliza Zunilda akieleza habari za pengo na lango, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotafuna polepole, kisha akacheka.

"Unataka nimvunjie babu ukuta mbele ya mji mzima kwa sababu Nolasco amepata vyuma viwili mchangani? Nolasco huyu huyu aliyekwenda kuchimba kaburi la mpishi akachimba la padri?"

"Ilikuwa mara moja," Nolasco alisema kutoka mlangoni.

"Mimi nilimbeba mwenyewe, Doña Zuni! Nilishika jeneza, nikasikia harufu ya kiko chake. Niliwaambia watu palepale, nusu yao wakalia. Damu inajuana."

"Mama yangu hakuvuta kiko, Don Wili."

"Sasa unanidhihaki nyumbani kwangu."

"Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu."

Wilibaldo aliacha kutafuna. Alitazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba hesabu ilikuwa pale.

"Baruti," alisema mwishowe. "Utambi mfupi. Baba alikuwa akituambia kila tulipogusa viberiti." Alisukuma sahani. Sauti yake ilikuwa imeteremka. "Lilikuwa jepesi. Nilipolishika niliona ni jepesi mno. Nikajisemea, wamekauka." Kisha akauliza: "Ana hali gani?"

"Mzuri. Sharubu zake zimekaa vizuri kuliko zako."

Hakucheka. Aliziba macho kwa viganja vyake vikubwa.

"Kumi na mmoja," alisema ndani ya viganja. "Nimewaambia wote. Msifungue. Heshima kwa wafu, msifungue. Mama Quispe ana miaka tisini na mbili, amemlaza mume wake chumbani kwake siku tatu kabla ya kumzika upya. Alilala naye, Doña Zuni. Nitamwambia nini?"

"Hayo ya kesho. Leo nataka mama yangu."

"Nitaandika barua ya kuomba kibali. Lakini afisa wa afya hatabadilisha jina bila mtu kutambua. Safari hii lazima lifunguliwe. Na mwenye kutambua ni wewe."

"Najua," Zunilda alisema, na hapo ndipo alipokaa.

*

Ijumaa asubuhi, makaburi ya Pozo Almonte. Nolasco alitoa marumaru ya tundu namba arobaini kwa patasi, akaiegemeza ukutani, jina la Eleuterio likitazama nje. Jeneza likateremshwa kwenye meza ya saruji chini ya kibanda. Afisa wa afya alikuwa mwanamke mdogo mwenye barakoa, fomu kwenye ubao. Zunilda alikuwa amesimama karibu na bomba la maji, ametupa mgongo. Alikuwa amevaa nguo yake ya Novemba.

"Don Wili," alisema. "Tazama wewe. Mimi nitakuuliza."

Afisa alianza kusema kuwa utaratibu hauruhusu. Wilibaldo akamnyamazisha kwa mkono mmoja, na mwenye mkono ule hapingwi.

Nolasco aling'oa misumari, mmoja mmoja. Kifuniko kikaenda. Wilibaldo aliinama, na nilimwona akijikaza.

"Ni mwanamke?" Zunilda aliuliza.

"Ni mwanamke."

"Yuko peke yake?"

"Hapana." Aliinama zaidi. "Ana kichanga. Kwenye mkono wa kushoto."

Zunilda aliegemea bomba.

"Nywele?"

"Zimesukwa mbili. Ndefu. Zimefungwa kwa uzi mweusi."

"Macho?"

"Yamefumbwa."

"Mdomo?"

Hapo Wilibaldo aligeuza uso.

"Don Wili. Mdomo?"

"Ni kijana, Doña Zuni," alisema, na ile sauti ya malori ilikuwa imekwisha kabisa. "Ni kijana sana. Mimi nina mjukuu mkubwa kuliko huyu. Nilimwekea bendi, nikamwita babu. Samahani, binti," akaliambia jeneza. "Samahani sana."

Nadhani ni ile "binti" iliyomgeuza. Zunilda aliacha bomba, akavuka ule ua mdogo kwa hatua za kawaida kama mtu anayekwenda kufungua mlango uliogongwa, akasimama kando ya Wilibaldo na kutazama.

Alitazama kwa muda mrefu mno. Mwanamke yule alikuwa na uso mwembamba, mashavu yameingia, midomo imevutwa nyuma kidogo ikionyesha jino moja lililopandana na jingine. Alionekana kama mtu aliyesinzia akiwa na hasira. Zunilda alisogeza kichwa huku na huku, kama anayetafuta mahali taa itakapompata vizuri. Alijigusa kidevu chake mwenyewe. Kisha akatikisa kichwa.

"Simkumbuki," alisema.

Afisa aliinua kalamu. "Kwa hiyo siye?"

"Nimesema simkumbuki. Sijasema siye." Alinyoosha mkono, na kabla yeyote hajamzuia akainua ukingo wa kitambaa alichofungiwa mtoto. Ulikuwa mfuko wa unga uliokatwa, maandishi ya kiwanda bado yanasomeka kwa rangi ya buluu, na ukingo wake ulikuwa umepindwa kwa mshono mkubwa, wa kuyumba, wa uzi mwekundu.

"Huu nilishona mimi," alisema. "Jirani wetu alinipa sindano ili nisisikie mayowe ya mama. Akaniambia, shona, ukifika mwisho mtoto atakuwa ameshakuja. Nikashona haraka. Nilipofika mwisho kulikuwa kimya, nikadhani ni kwa sababu nimemaliza." Aliweka ukingo mahali pake, akaunyoosha. "Andika. Rosenda Challapa. Na huyu ni mdogo wangu wa kiume."

"Kibali ni cha mtu mmoja," afisa alisema polepole. "Jina lake mtoto?"

"Hakupewa."

"Lazima niandike kitu, mama."

Zunilda alifikiri. Nilidhani atataja jina la baba yake, au la mumewe.

"Andika kwamba alikuja," alisema.

Sijui afisa aliandika nini. Alijaza mstari, akampa Zunilda kalamu, na Zunilda akatia sahihi kwa herufi zake kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kiwandani. Alasiri ile Rosenda aliingia tundu namba arobaini na moja, na Eleuterio Ayavire, ambaye alikuwa amelala siku mbili ndani ya banda la Nolasco chini ya turubai, akaingia la arobaini. Hapakuwa na bendi. Zunilda alimwekea Eleuterio shada moja na mama yake shada moja, na nilimwona akisita kwa Eleuterio, akimtazama kama mtu anayetaka kumalizia habari fulani.

Tuliingia kwenye gari, tukashika barabara kuu. Wilibaldo alikuwa kiti cha nyuma, orodha ya familia kumi zilizobaki magotini mwake. Walikuwa wamekubaliana waende nyumba kwa nyumba, wao wawili, kabla habari haijafika yenyewe.

"Umekwenda," Zunilda alisema.

"Nani, Doña Zuni?"

"Ule uso. Ule niliokuwa nao. Tangu tulipotoka pale najaribu kuuita." Alikuwa amefumba macho, na kope zake zilikuwa zikitetemeka. "Ulikuwa mnene zaidi. Ulikuwa unacheka. Nafumba macho, anakuja huyu mwenye jino, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa."

Wilibaldo nyuma alikohoa. "Huenda ule utarudi," alisema.

"Haurudi. Ulikuwa wangu, niliutengeneza mimi. Huyu ni mama." Akafumbua macho, akatazama mtaa. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza na vumbi jeupe lilikuwa likitambaa barabarani. "Simamisha, jirani. Nyumba ile ya kijani, ndiyo ya mama Quispe."

Nilisimamisha. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani mtu alikuwa akiimba peke yake, taratibu, kwa sauti ya kizee. Wilibaldo hakusogea. Zunilda alishuka, akanyoosha nguo yake ya Novemba, akatembea mpaka kizingitini. Akasimama pale, hakuingia.

"Naomba ruhusa," alisema kwa sauti.

Wimbo ukakatika.